Chupa ya Kupimia Pumzi

Siku niliyorudisha funguo za chumba cha upasuaji, vijana niliowaacha pale waliniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nadhani walitaka kurasa mbili za kuwachekesha wakati wa chai. Bahati mbaya mimi siwezi kurasa mbili. Kila nikimaliza sentensi naona nimesahau kitu, narudi nyuma kukiweka. Vyeo na mishahara nimeviruka, kwa sababu vilichelewa kuja na havina la kumfundisha mtu. Nitaandika yale mnayoniuliza mkiwa mnanawa mikono: nilianzaje, nani alinifundisha, na kwa nini fomu zetu zote za vipimo zina ile safu ya mwisho mnayoicheka, iliyoandikwa "Waliopo chumbani".

Nilitoka kwetu Ngara nikiwa na miaka kumi na tisa, cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Hospitali ilikuwa ndogo, ya misheni, kando ya barabara ya vumbi kati ya Biharamulo na Ngara. Jina lake siliandiki. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mabondeni walikozaliwa na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, na kila kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, kengele ya kuwaita watu shambani, na mwenyekiti wa kuhesabu nani amefika. Kengele ya kijiji chetu ilikuwa rimu ya gurudumu iliyotundikwa kwenye mti. Hospitali nayo ilikuwa na rimu yake, ya kuita wafanyakazi panapokuwa na upasuaji wa dharura. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nakimbia kunawa mikono kila kijiji kilipoitwa kupalilia mahindi.

Niliajiriwa kufua. Nilifua mashuka, magauni ya upasuaji na glavu. Ninyi mnaozitoa kwenye boksi na kuzitupa hamtaamini, lakini jozi moja ya glavu niliifahamu kwa viraka vyake kama mtu anavyofahamu mbuzi wake. Ilifuliwa, ikaanikwa, ikapakwa poda, ikachemshwa kwa mvuke, ikarudi kazini. Kabla ya poda ilikuwa lazima ipimwe: unaijaza hewa, unaifunga shingo kwa mkono, unaizamisha kwenye beseni la maji na kuangalia kama inatoa mapovu. Siku ya kwanza, Daktari Rwiza alinikuta nimezamisha glavu ileile mara sita. Alikuwa mtu mfupi wa upande wa Bukoba, anayesema polepole kana kwamba maneno nayo yanatolewa stoo kwa kusainiwa.

"Imetoboka?" akauliza.

"Hapana, Daktari."

"Mara ya kwanza ulijua?"

"Nilijua."

"Basi hizo tano ulikuwa unajipima wewe."

Alinielewa mapema kuliko nilivyojielewa. Naungama hapa, kwa sababu wengine mlidhani nilizaliwa na utulivu ule mliouona: ujana wangu wote nilikuwa mtu wa hofu. Nilihesabu vitambaa vya kufutia damu mara tano, na ya tano ikitofautiana na ya nne nilianza upya. Usiku mmoja nilitembea kurudi hospitali kutazama kufuli niliyokuwa nimeshaitazama. Sikuwa na chuo, na nilijua hakuna atakayenitetea nikikosea. Basi nilijifundisha. Kwenye kabati la glavu kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, cha mambo ya mwili, na mwalimu wa shule ya msingi aliniazima kamusi. Nilinakili ukurasa mmoja kila siku kwa mkono, nikaweka Kiswahili juu ya kila neno. Sura ya mapafu ilinichukua miezi mitatu. Nilipoimaliza nilimwambia Daktari, naye akasema, "Vizuri. Sasa tafuta mtu mwenye mapafu."

Mtu huyo alikuja mwenyewe, naye alikuwa Sospeter.

Sospeter alikuwa dereva wa lori la wilaya, mtu mnene kidogo, mwenye shingo fupi na sauti kama ya mtu aliyeweka ndizi ya moto mdomoni. Aliletwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji chake iliyosema, pamoja na salamu nyingi za Chama, kwamba mtu huyu ni mvivu na hospitali ithibitishe. Alikuwa amelala akiendesha. Lori liliingia mtaroni na magunia ya mahindi ya kijiji. Mtu hakufa, lakini mahindi yalinyeshewa mvua. Wakamnyang'anya lori wakampa jembe. Akalala na jembe, amesimama, mbele ya watu wote katika shamba la pamoja. Wakati ule ukimwita mtu kupe ulikuwa umemaliza, kwa sababu kupe ananyonya jasho la wenzake, na mwenyekiti alikuwa amemwita hivyo mkutanoni mara mbili.

Nilipokuwa naandika historia yake kwenye jalada, kazi niliyokuwa nimeshaongezewa juu ya kufua, nikimwuliza baba, mama, mke, watoto, magonjwa ya utotoni, alisinzia kati ya swali na swali. Kichwa kikaangukia ukutani, akaanza kukoroma. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

"Lori limewaka," akasema mzee mmoja.

Kisha mkoromo ukakatika. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, lakini puani na mdomoni hapapiti kitu. Niliikazia macho saa ya ukutani. Sekunde kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.

"Limezima," yule mzee akasema, safari hii bila kucheka.

Sospeter akagutuka kwa kishindo, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka ziwani, akanitazama. "Uliniuliza nini, dada?"

Daktari Rwiza alimfungua kinywa mbele ya dirisha, akiwa na kile kioo chake cha duara kwenye paji la uso kinachorudisha mwanga wa jua. Akaniita nitazame. Mafindofindo yake, zile nyama mbili za pande za koo, yalikuwa makubwa kama mayai ya njiwa na yalikuwa yanakaribia kugusana. Kimeo hakikuwapo kabisa. Alishakatwa na fundi wa kijiji kwao, kama wengi walivyofanyiwa, na haikusaidia kitu.

"Huyu si mvivu," Daktari akasema. "Akilala, koo linajifunga. Mwili unamwamsha ili asife, anavuta hewa, analala tena, linajifunga tena. Usiku kucha. Hajapata usingizi huyu tangu lini? Bwana Sospeter, mkeo analalaje?"

"Halali, Daktari. Ananisukuma mgongoni. Anasema nikinyamaza anaogopa."

Daktari aliandikia ofisi ya usafiri ya wilaya kwamba mtu huyu atakatwa mafindofindo na baadaye ataweza kuendesha. Afisa wa usafiri akajibu kwa mistari minne, ninayoikumbuka kwa sababu iliniudhi ikanifaa maishani: lori halina selfu, linawashwa kwa hendeli, mtu aliyekatwa koo atakuwa na pumzi gani ya kupiga hendeli, hospitali ilete uthibitisho kwamba mapafu yake baada ya kukatwa hayapungui kuliko kabla ya kukatwa, bila hivyo nafasi yake itapewa mwingine.

"Anadhani koo na mapafu ni bomba moja," Daktari akasema. "Na hajakosea sana. Tutampimaje?"

Hospitali haikuwa na mashine ya kupimia pumzi, ila picha yake ilikuwa katika kitabu changu kisicho na jalada. Nikakumbuka beseni la glavu. Stoo kulikuwa na chupa kubwa ya kioo, ya lita kumi, iliyokuja na dawa ya kusafishia vyombo. Ukiijaza maji, ukaipindua kwenye beseni la maji, ukapitisha mpira kutoka chini hadi juu ndani yake, mtu akipuliza kwenye mpira hewa yake inapanda na kusukuma maji nje. Kiasi cha maji yaliyotoka ni kiasi cha pumzi yake. Na ukiiacha na hewa ndani, akivuta badala ya kupuliza, maji yanapanda, nawe unaona anavuta upesi kiasi gani. Nilibandika ukanda wa plasta ubavuni, nikauchora mistari kwa kusukuma hewa ndani ya chupa na sindano ya mililita hamsini, misukumo miwili kila mstari. Mara ya kwanza mstari wa sabini haukukubaliana na hesabu. Nikabandua plasta. Mara ya tatu ndipo ulipokubali, na kidole gumba changu kilikuwa kimevimba.

Tulimpima Sospeter asubuhi, Daktari ameshika chupa, mimi naangalia mistari. Alisimama, akavuta hewa, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Mstari wa thelathini na nane. Mara tatu, thelathini na nane. Niliandika joto la chumba, saa, alichokula, viatu alivyovaa. Kisha kwa wasiwasi wangu tu, bila kuagizwa, nikamlaza chali nikamwambia avute hewa ya chupa mpaka maji yapande mistari ishirini. Ilimchukua sekunde saba, akikoroma akiwa macho. Niliandika na hilo. Daktari akauliza la nini, nikasema sijui.

Sasa, upasuaji. Wengi wenu mngemlaza kwa dawa. Daktari Rwiza alikataa. "Mtu anayeziba akilala, mimi nimlaze? Tutamkata akiwa macho, ameketi, kwa sindano ya ganzi." Saa nne asubuhi, jua likiwa dirishani, tulimketisha kwenye kiti cha mbao. Mimi nilisimama nyuma yake nimekumbatia kichwa chake kifuani, na kazi yangu ilikuwa moja: asilale.

Mnacheka. Sospeter alichomwa ganzi kooni, akabanwa kinywa kwa chuma, kitanzi cha waya kikapitishwa nyuma ya findofindo la kulia, damu ikamtiririka kwenye beseni, na kope zake zikaanza kushuka. Nilimfinya sikio. Nilimfinya tena. Nikaona haitoshi, nikamwinamia.

"Bwana Sospeter. Kutoka Biharamulo mpaka Rusumo kuna madaraja mangapi? Jibu kwa vidole."

Akainua vidole. Sikujua kama ni kweli, mpaka leo sijui.

"Na kona mbaya ngapi?"

Akainua vidole vyote, akavikunja, akainua tena.

"Usimwulize za upande wa Ngara," Daktari akasema bila kuinua kichwa, "hana vidole vya kutosha." Mabega ya Sospeter yakatikisika. Alikuwa anacheka, na waya umo kooni. Tulisafiri hivyo barabara zote za wilaya mbili, na tulipofika daraja la mto sijui gani findofindo la pili lilianguka kwenye kibakuli. Daktari alikandamiza kitambaa mpaka damu ikasimama. Vitambaa nilihesabu mara mbili tu. Hiyo kwangu ilikuwa siku kubwa.

Siku kumi hakuweza kumeza ila uji wa baridi. Mkewe, Paskazia, alikuwa amejifungua majuzi, hivyo uji uliletwa kila siku na mama mmoja mtu mzima, mwenye kibuyu na khanga ya kujifunika kichwani. Alikuwa akikiweka kibuyu barazani, anakaa mbali akitazama barabara, anasubiri kirudishwe kitupu, anaondoka. Sospeter wakati huo alikuwa analala mchana na usiku kama mtoto mchanga, kwa kimya, na mimi nilikuwa nakwenda kila saa kuweka mkono mbele ya pua yake.

Siku hizohizo redio ikatangaza kwamba adui amevuka mpaka kaskazini na kuishika nchi mpaka ukingo wa Mto Kagera. Wilaya ikaanza kukusanya malori. Afisa wa usafiri akaleta ujumbe: lori linaondoka Jumamosi kupeleka chakula kwa askari, ama vipimo vya Sospeter vimfikie Ijumaa, ama anampa lori mtu mwingine, na Sospeter arudi kijijini kwa mwenyekiti wake. Alipousikia alisema maneno machache tu, kwa sauti yake mpya ambayo masikio yangu yalikuwa hayajaizoea.

"Dada, nikirudi na jembe nitakufa kupe."

Jumatano Daktari alikwenda Biharamulo kwenye kikao cha mambo ya vita. Sikutaka kungoja. Siku za kungoja hunifanya nione magonjwa. Niliandaa chupa, nikapima joto la chumba, nikahakikisha Sospeter amekula uji uleule kiasi kilekile na amevaa viatu vilevile. Nilihitaji mtu wa kushika chupa mahali pa Daktari. Nikatoka barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Njoo unisaidie kidogo humu ndani, kushika chupa."

Akasita. "Mimi?"

"Dakika tano tu, mama. Ni kwa ajili yake."

Aliingia ameshusha khanga mpaka puani. Nilidhani anaogopa harufu ya dawa. Akashika chupa akiwa amegeuza uso ukutani. Sospeter alipoingia na kumwona alisimama mlangoni kwa muda. Nilidhani anaogopa kipimo. Nikamwambia apulize kwa nguvu zote. Akapuliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo imebana mpira kama anayepuliza vumbi kwenye kitabu kitakatifu. Mstari wa ishirini na saba.

"Tena, Bwana Sospeter. Kwa nguvu."

Ishirini na sita. Tena. Ishirini na saba.

Yule mama akaweka chupa chini na kutoka karibu anakimbia. Sospeter akatoka upande mwingine bila kuniaga. Nikabaki na karatasi.

Nilijua kilichotokea, kwa maana nilikuwa nimekisoma kwa miezi mitatu: damu imeshuka kwenye mapafu wakati wa upasuaji, nami nilikuwa nimekishika kichwa, sikukiinamisha vya kutosha, pafu limeziba, limenywea. Kosa ni langu. Na hapa naungama lile ambalo sijamwambia mtu ila mmoja. Ile ishirini na saba nilikuwa nimeiandika kwa penseli kama tarakimu mbili. Nikachukua penseli, nikaigeuza mbili kuwa tatu. Thelathini na saba ingempa lori. Nikakaa nayo jioni nzima. Kisha nikafikiri: kama pafu limenywea kweli, atapiga hendeli mara ya kwanza na kuanguka mbele ya lori, njiani, peke yake, kwa sababu ya penseli yangu. Nikafuta. Karatasi ikatoboka kidogo pale nilipofuta.

Alhamisi asubuhi nilimpa Daktari karatasi hiyo kabla hajaweka mkoba chini, nikamwambia yote, na la penseli pia. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Tatu hii ilikuwa na tumbo la mbili," akasema. "Isingemdanganya mtu." Hakunigombeza. Alikwenda kumsikiliza Sospeter kifua, mbele na nyuma, akarudi. "Mapafu yanaimba pande zote mbili. Veneranda, namba mbaya ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Iulize historia. Nani alishika chupa?"

"Mama yake."

Akafungua jalada la Sospeter ukurasa wa kwanza na kulisukuma mbele yangu. Mama: alifariki, mgonjwa akiwa bado mtoto. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, wenye nukta mahali pake.

Nilitoka barazani. Yule mama alikuwa amefika na kibuyu chake, ila safari hii alikaa mbali zaidi, chini ya ukingo wa paa la jiko, amenipa mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuniingiza tena?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza. Wewe ni nani wake?"

Aligeuka akanitazama kuanzia viatuni mpaka usoni. "Binti, wewe kwenu ni wapi?"

"Ngara, mama."

"Na huko Ngara hamna wakwe?"

Nimekulia katika nyumba ambamo baba yangu alikuwa akipita njia ya migombani kumkwepa bibi yangu mzaa mama. Hakula mbele yake, hakucheka mbele yake, hakumwita jina. Yote hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini nilipovaa gauni jeupe nilidhani mlango wa hospitali unafuta ukoo wa mtu.

"Paskazia ni mwanangu," akasema. "Huyo mtu wa lori ndiye aliyemuoa. Tangu amuoe hajafungua kinywa mbele yangu, wala mimi mbele yake, na tunaheshimiana vizuri. Jana ukanifungia naye chumbani, ukamwambia atoe macho na kunipulizia. Nimekaa na aibu usiku kucha. Na yeye naye mwambie simlaumu. Mwambie wewe; mimi siwezi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ulikuwa na haraka ya kumponya." Akarudisha uso barabarani. "Haya, nenda kampime. Mimi nitakaa hukuhuku."

Tulimpima upya, Daktari ameshika chupa. Kabla hajapuliza nilimpa ujumbe wa mama mkwe wake. Alifunga macho, akashusha pumzi ndefu hata kabla ya kipimo, akasema, "Ahsante, dada," kisha akashika mpira. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa.

Mngetegemea nifurahi. Mimi nilisema, "Mstari mmoja tu?"

"Ulitaka mingapi?" Daktari akauliza. "Mapafu hatukuyagusa. Ukipanua mlango, nyumba haiongezeki vyumba."

Basi nikakumbuka lile la chali, lile la sijui. Nikamlaza Sospeter, nikampa mpira. "Vuta." Maji yakapanda mistari ishirini kimya kimya, laini, bila mkoromo. Sekunde tatu. Nikamwomba Daktari atazame saa yeye, kwa kuwa sikujiamini. Sekunde tatu. Saba kabla ya kukatwa, tatu baadaye. Daktari Rwiza, ambaye maneno aliyatoa kwa kusainiwa, alisema, "Hiki kipimo chako wewe ndicho kinachosema aliponaje. Kiandike cha kwanza kwenye barua." Nimepata vyeti baadaye maishani. Viko ndani ya sanduku. Maneno hayo hayakai sandukuni.

Ijumaa nilipeleka barua Biharamulo mwenyewe, na Sospeter ubavuni. Afisa wa usafiri alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni. Alisoma barua mara mbili, hasa sehemu ya chupa.

"Ndugu, hii chupa ni ya nini?"

Nikamweleza, na mistari yake, na sindano ya mililita hamsini. Nadhani nilieleza kupita kiasi, kwa maana aliinua mkono.

"Basi, basi. Piga hendeli."

Sospeter alikwenda mbele ya lori, akaingiza hendeli, akazungusha. Mara ya pili liliunguruma. Hakuwa anahema.

"Pumzi ipo," afisa akakubali bila kupenda. "Lakini kilichokuangusha si pumzi, ni usingizi. Kaa hapo kwenye usukani. Mimi nakwenda kula. Nikirudi nikukute macho."

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limesimama juu ya boma la Wajerumani, bati la lori linachoma mkono. Mimi nilikaa kwenye ngazi za boma nikamtazama kupitia kioo. Saa nane. Nilimwona anafuta jasho. Nilimwona anatazama kulia, anatazama kushoto, anahesabu kitu kwa vidole juu ya usukani, nikajua yuko barabarani, anapita madaraja yake. Saa tisa. Afisa hakurudi. Nikazunguka nyuma ya ofisi, nikachungulia dirishani. Alikuwa amerudi kwa mlango wa uani, ameshiba, ameketi kwenye kiti chake, kidevu kifuani, kalamu tatu zinapanda na kushuka.

Nikarudi kwenye lori. "Amelala," nikamwambia Sospeter.

"Nani?"

"Mkaguzi wako."

Sospeter alinitazama, akaitazama ofisi, akaweka kiganja katikati ya usukani na kupiga honi, moja tu, ndefu, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la boma. Afisa alitokea mlangoni ameshika karatasi juu chini. Akatutazama sote wawili kwa muda. Kisha akachomoa kalamu moja kati ya zile tatu na kusaini barua yetu hapohapo juu ya bodi ya lori, asitutazame tena usoni.

Jumamosi lori liliondoka na mahindi, likaelekea kaskazini. Kwa miezi iliyofuata tulipokea majeruhi na wakimbizi, na mimi nilijifunza mambo mengine ambayo nitawasimulia ana kwa ana, si kwa maandishi. Sospeter alikuwa anapita na kurudi. Alipopita hospitali alipiga honi ile moja ndefu. Mwenyekiti wa kijiji chake, nasikia, aliacha kutumia neno kupe. Alisema mkutanoni kwamba kijiji kimetoa dereva.

Vita vilipokwisha alikuja hospitali siku ya kliniki ya watoto, lori limejaa matope ya huko kaskazini, akasema anataka kupuliza ile chupa. Daktari akacheka, akaishika. Mimi nilishachora fomu mpya kwa rula, na safu ya mwisho ilikuwa imeandikwa "Waliopo chumbani". Nilitazama nje kwanza. Mama Paskazia alikuwa barazani na mjukuu mgongoni, ametupa mgongo, anatazama barabara.

Sospeter alipuliza. Maji yalisukumwa nje, yakafika thelathini na tisa, yakapita, yakasimama.

"Amefika wapi?" sauti ikauliza kutoka barazani, kwa barabara, si kwa mtu.

"Arobaini na moja, mama," nikajibu.

Akamtikisa mjukuu wake mgongoni, akakaza khanga.

"Mwambie anapuliza vizuri," akasema. "Na mwambie kwamba mwanangu siku hizi analala."